Pasi Baridi

Walinilipa pauni themanini na sandwichi ya yai
nishuke na meza ya pasi hadi kina cha mita tatu
katika bwawa la kuogelea la Newport lililofungwa,
vigae vimebanduka, ngazi imeliwa na kutu,
na juu ukutani bado imeandikwa: USIKIMBIE.

Wimbo wenyewe niliusikia mara arobaini siku ile.
Gitaa linaanza kama mtu anayeburuta kabati,
kisha Gethin anaingia na sauti yake ya makohozi:
ndugu yake kaondoka, simu haipokelewi,
gari limebaki mvuani, funguo ndani.
Basi. Ndugu, simu, gari, mvua.
Hamna shati. Hamna pasi. Hamna mwanamke
wa makamo kutoka Pangani
aliyevishwa gauni la kijani linalombana kwapani.

Nikauliza, maana mdomo wangu hauna kitasa:
"Hili shati ni la nani?"
Gethin akanitazama, akatazama viatu vyake.
"Muulize Fenella."

Fenella, mwongozaji, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
akasema picha ikieleza wimbo, wimbo unakufa.
Anataka vikae kama abiria wawili wa kiti kimoja
wasiojuana, magoti yanagusana,
kila mmoja ana mawazo yake.
Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa kitu.
Mimi nilidhani ni chanda na pete.

Pasi ilikuwa baridi, waya umekatwa,
mvuke ulitoka kwenye mashine ya kijana mmoja
aliyelala chini ya meza, akiniomba radhi kila dakika.
Hata magitaa kule juu, kwenye ubao wa kupigia mbizi,
hayakuchomekwa popote.
Lakini mkono una akili zake.
Nilianza na kola, upande wa ndani,
nikaenda mabegani, nikavizunguka vifungo
kama mtu apitaye kati ya watoto waliolala.
Nilinyoosha kwa pasi isiyonyoosha.
"Hivyo hivyo," Fenella akanong'ona. "Usikome."

Usiku, zamu yangu hospitalini, nasukuma mopu,
ndipo ikanijia kanga ya shangazi Mwanakombo:
korosho nyekundu mji mzima, pindo jeusi,
na jina lake: ULIINGIA KWA HODI, MBONA UMETOKA KIMYA.
Nani aliwahi kuuliza korosho zinahusu nini?
Shangazi alijifunga, akapita mbele ya mlango fulani
taratibu, hana haraka ya soko,
na mwenye mlango akaelewa
korosho, pindo, maneno, na mwendo pia.

Video ilipotoka, Blodwen wa wodi ya sita
alisema ni habari ya ujane, akafuta jicho.
Mwanangu Idarusi akasema haina maana yoyote,
mama, ni mtindo tu, ila umependeza.
Niliizima sauti, nikamwona mwanamke shimoni
akilitunza shati kama mgonjwa.
Nikaiwasha, nikafumba macho: gari, mvua, funguo.
Vikikutana vile viwili kuna mahali panawasha
ambapo mkono haufiki kujikuna.

Na kilichotokea kamera zilipozimwa hakimo.
Kijana wa mvuke alikuwa akikunja waya.
Gethin alishuka kwa ile ngazi ya kutu,
akalichukua shati pale mezani, hakumwomba mtu,
akalivaa juu ya fulana yake yenye jasho.
Mikono ilipita ncha za vidole vyake.
Kwenye kiwiko kunjo lilikuwa palepale,
halikuisikia pasi yangu hata kidogo.
Akafunga vifungo vyote hadi shingoni,
akasimama hivyo, mbele ya mita tatu za ukavu,
kisha akaniuliza
kama ile sandwichi nitaimaliza.